Kutetemeka Kabla ya Kuimba

Kama unaimba katika kwaya, au unapiga ngoma, marimba, zeze au gitaa, habari hii ni yako.

Fikiri kwamba siku ya mashindano imefika. Uwanja wa shule umejaa watu. Wageni wamekaa mbele kwenye viti. Kikundi kilichotangulia kinamaliza wimbo wake wa mwisho, na baada yao ni zamu yenu. Umesimama na wenzako nyuma ya darasa. Umekwenda chooni mara mbili, na sasa unataka kwenda tena. Mdomo umekauka. Moyo unakwenda mbio. Viganja vina jasho, lakini ni vya baridi. Unautafuta ubeti wa kwanza, ule uliouimba kila jioni kwa miezi miwili, na huuoni.

Watu wengine wakipatwa na hali hii husema, "Naumwa." Wengine husema, "Nimelogwa." Wengine hutafuta kikombe cha gongo. Leo tutaeleza hali hii hutoka wapi, na mtu afanye nini ili itulie.

Mwili unajiandaa

Ukikutana na nyoka njiani, huketi chini kufikiri. Mwili wenyewe huamka. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari, huziamuru tezi hizo zimwage ndani ya damu kitu kiitwacho adrenalini. Kitu hicho huufanya moyo upige upesi na kwa nguvu. Pumzi huwa za haraka. Damu nyingi huenda kwenye misuli ya miguu na mikono, na ile inayokwenda tumboni hupungua. Ndiyo sababu tumbo huvurugika. Mate hupungua. Jasho hutoka. Mambo hayo yote hutokea kwa sekunde chache, ili upate nguvu ya kukimbia au ya kupigana.

Lakini ubongo hauogopi nyoka peke yake. Binadamu huishi kwa kutegemeana na wenzake, kwa hiyo kuaibika mbele ya watu ni jambo zito kwake. Ubongo huipokea aibu kama unavyoipokea hatari. Unapoona macho mia mbili yanakutazama, tezi zile zile hufanya kazi ile ile. Tofauti ni moja. Watazamaji huwezi kuwakimbia, wala huwezi kupigana nao. Nguvu iliyoandaliwa kwa kukimbia hubaki ndani ya mikono na magoti. Hiyo ndiyo inayotetemeka.

Basi, hakuna kiungo kilichoharibika. Kwa waimbaji wengi hofu huwa kali zaidi katika dakika za mwisho kabla ya kuanza. Wimbo ukishashika njia, hofu hushuka.

Usidhani kwamba hofu hii ni ya wanaojifunza tu. Palikuwa na mpigaji mmoja mashuhuri wa Hispania, jina lake Pablo Casals. Alizaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1973. Alipiga chelo, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, kama zeze. Watu wa mataifa mengi walisafiri kwenda kumsikiliza. Hata hivyo, aliogopa kupanda jukwaani maisha yake yote. Mwaka 1901 alikuwa Marekani, akapanda mlima pamoja na rafiki zake. Walipokuwa wakishuka, jiwe liliporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto, mkono ule unaobonyeza nyuzi. Baadaye alisimulia wazo la kwanza lililomjia pale mlimani. Alishukuru kwamba sasa hatapiga tena mbele ya watu! Vidole vilipona, akaendelea kupiga mpaka uzeeni, na hofu yake ikaendelea kuwa naye.

Jirani hana kosa

Jambo la kulogwa lazima tuliseme wazi, maana linaharibu vijiji.

Katika nchi ya Wasukuma kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivyo vinahesabu mwanzo wao kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo mbili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, na wanaovuta watazamaji wengi zaidi ndio washindi. Dawa za kuvuta watu zimekuwa sehemu ya mashindano hayo tangu zamani. Mimi sina ugomvi na mila hiyo. Mchezaji anayeamini kwamba amejiandaa vizuri huingia uwanjani akiwa na moyo mkunjufu, na hilo si jambo dogo.

Ugomvi wangu ni pale manju anapokaukiwa sauti, kisha usiku ule ule watu wakaketi kutafuta nani amefanya hivyo. Aghalabu anayenyooshewa kidole ni mama mzee anayeishi peke yake, au mwimbaji wa kikundi kingine. Jambo hilo huweza kuishia kwenye kumwaga damu. Sasa umekwisha soma kwamba mdomo hukauka kwa sababu ya tezi zilizo juu ya figo za manju mwenyewe. Ukiwapo kwenye kikao cha namna hiyo, wasomee wenzako sehemu hii ya gazeti.

Pombe na vidonge

Nilipokuwa darasa la sita, nilichaguliwa kuanzisha wimbo wa shule. Mara ya kwanza nilisahau maneno, nikalia mbele ya wazazi. Mara ya pili mjomba wangu alinihurumia. Alinichukua kando, akanipa nusu kikombe cha pombe ili, kama alivyosema, nipate kifua. Kweli, hofu ilipungua. Nilianza wimbo juu mno, nikauendesha mbio, na wenzangu wakashindwa kunifuata. Mimi nilijiona naimba kama malaika. Waliokuwapo wananikumbusha mpaka leo.

Pombe hufanya hivyo hasa. Huulegeza ubongo, na ubongo ndio unaoshika mapigo, maneno na urefu wa sauti. Humwondolea mtu hofu pamoja na uwezo wa kusikia makosa yake. Vidole vya mpiga marimba huchelewa. Tena gongo ina hatari ya pekee. Gongo usiyojua imepikwaje yaweza kuwa na sumu iitwayo methanoli, na sumu hiyo hupofusha macho na kuua. Bangi nayo huuongezea moyo mbio, na kwa watu wengine huzidisha hofu badala ya kuipunguza.

Siku hizi kuna jambo jingine. Baadhi ya wanamuziki humeza vidonge vya presha kabla ya kupanda jukwaani. Dawa yenyewe huitwa propranololi. Ilitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960, na mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, James Black, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hiyo huuzuia moyo usichapwe na adrenalini, na mikono huacha kutetemeka. Ni dawa ya kweli, na wako wanaopewa na daktari kwa ajili ya hofu hii. Lakini mwenye pumu akiimeza, njia zake za hewa zaweza kubana hata akashindwa kupumua. Mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kuishiwa sukari mwilini bila kuhisi dalili za kumwonya. Kwa hiyo usipokee kidonge cha rafiki, wala usikinunue dukani kwa kunong'onezwa. Vidonge vya usingizi ni vibaya zaidi kwa mwimbaji. Vinamlaza akiwa amesimama, na mtu akivizoea ni vigumu kuviacha.

Jinsi ya kupumua

Dawa iliyo karibu zaidi haina bei. Ni pumzi yako mwenyewe. Lakini hapa pana kosa ambalo hata viongozi wa kwaya hulifanya. Wanamwambia mwenye hofu, "Vuta pumzi nyingi!" Naye anavuta kwa nguvu, tena na tena, kama aliyepanda mlima. Baada ya dakika moja kichwa kinazunguka na vidole vinafanya ganzi. Kwa nini? Kwa sababu anayepumua namna hiyo hutoa hewa chafu nyingi kupita kiasi, na mwili unahitaji kubaki na kiasi fulani cha hewa hiyo ili damu ifike ubongoni vizuri. Sasa anaogopa zaidi, maana anaona anataka kuanguka.

Cha maana zaidi ni kutoa pumzi polepole. Kila unapovuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo. Kila unapoitoa, moyo hupunguza mwendo. Kwa hiyo refusha ile ya kutoa.

Fanya hivi. Keti au simama wima, mabega yameshuka. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua, taratibu, ukihesabu moja mpaka nne. Kiganja kisukumwe mbele na tumbo, mabega yasipande. Kisha toa hewa kwa mdomo ukihesabu moja mpaka sita, midomo ikiwa imebanwa kidogo, kama mtu anayepoza uji wa mtoto kwenye kijiko. Usipulize kwa nguvu, uji utamwagika. Halafu anza tena.

Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapumua mara 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo utaona kwamba unakwenda polepole sana. Endelea kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida, kisha urudie kwa utulivu zaidi. Hofu haitakwisha yote. Itashuka kiasi cha kukuwezesha kuimba, na hicho ndicho tunachokitaka.

Usingoje siku ya mashindano ndipo ujaribu. Jifunze nyumbani kila siku, jioni kabla ya kulala, au unapopumzika shambani. Mwili uliokwisha zoea hutulia upesi. Mwili usiojua utauliza, "Hiki nini tena?"

Mabega na mikono vinahitaji msaada wao. Kunja ngumi kwa nguvu zote, hesabu mpaka tano, halafu ziachie. Pandisha mabega mpaka masikioni, kisha yaangushe. Tembea kidogo. Nguvu ile iliyoandaliwa kwa kukimbia ipate mahali pa kwenda. Katika jambo hili wacheza ngoma wana bahati kuliko wanakwaya, kwa sababu wao huimba huku miguu inafanya kazi.

Liko pia jambo la maneno unayojiambia. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, Alison Wood Brooks, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Aliwataka watu waimbe, na kabla ya kuimba wengine waliambiwa waseme kwamba wana wasiwasi, na wengine waseme kwamba wana hamu. Waliosema kwamba wana hamu waliimba kwa usahihi zaidi. Sababu si ngumu kuielewa. Mapigo ya moyo ya mtu mwenye hofu hufanana sana na ya mtu anayengojea arusi yake. Kumwambia moyo, "Tulia!" ni kazi ngumu. Kuuambia, "Nina hamu ya kuimba," ni rahisi zaidi, maana mbio zake hazihitaji kukatazwa.

Mazoezi ya kuogopa

Vikundi vingi hufanya mazoezi ya wimbo tu. Havifanyi mazoezi ya kutazamwa. Wanaimba wakiwa wamekaa, ndani ya chumba, wakitazamana. Halafu siku ya mashindano wanasimama juani mbele ya watu mia tatu. Lazima mwili ushtuke.

Mwanzishaji wa wimbo aanze kuuimba mbele ya watu wa nyumbani kwake. Kisha mbele ya majirani watano. Kisha mbele ya watu wanaongoja zamu kisimani au mashineni. Kila mara watazamaji waongezeke kidogo. Siku moja kikundi kizima kivae sare na kuimba mbele ya kijiji, kama kwamba ndiyo siku yenyewe.

Liko zoezi jingine ambalo vijana hulipenda. Kimbia kuzunguka jengo mara mbili mpaka moyo uende mbio, halafu simama mara moja na uanze kuimba. Siku ya kwanza utashindwa, na wenzako watacheka. Baada ya majuma mawili utajua kuimba moyo ukiwa unadunda, kwa hiyo ukidunda siku ya mashindano hutaona jambo geni.

Ubeti wa kwanza ujulikane kuliko mingine, kwa kuwa huimbwa wakati hofu ni kali. Na wimbo usikaririwe kutoka mwanzo tu. Jifunzeni kuingilia ubeti wa tatu, au wa mwisho, ghafla. Aliyekariri kutoka mwanzo peke yake ni kama mtu anayejua njia moja tu ya kwenda kwake. Akipotea, hana budi kurudi alikotoka.

Na mtu akikosea? Atakosea. Hapa nyimbo zetu zina utajiri ambao Casals na chelo yake hakuwa nao. Yeye alikaa peke yake mbele ya watu. Sisi tuna kuitikia. Mmoja huanzisha, wengi hupokea. Mwanzishaji akisahau, waitikiaji wanaweza kurudia kiitikio mara ya pili, wakiongeza sauti kidogo, na mpiga ngoma akashikilia mapigo. Mwanzishaji anapata muda wa pumzi mbili za uji, neno linarudi, anaingia. Mtazamaji atadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Mzee mmoja mpiga zeze, ambaye alinifundisha baada ya aibu yangu ya pombe, alikuwa akiwakatiza wanafunzi wake makusudi. Anamfinya mwanzishaji katikati ya ubeti ili apotee, kisha anawatazama waitikiaji kuona kama wamelala.

Kwa hiyo patana na wenzako mapema. Ishara iwe nini? Kugusa paji la uso kunatosha. Nani atapokea wimbo mwanzishaji akizidiwa kabisa? Mtu huyo ajue beti zote, wala asisimame nyuma.

Viongozi wa vikundi, mna sehemu kubwa katika jambo hili. Kumwambia mtoto, "Usituaibishe," dakika moja kabla ya kuingia, ni kuzikumbusha tezi zile kazi yao. Usibadilishe wimbo wala mpangilio siku hiyo. Usimgombeze aliyekosea wakati bado amevaa sare. Makosa yazungumzwe kesho yake, na kila mtu akiri lake, wewe pia.

Siku yenyewe

Lala vya kutosha usiku wa kuamkia siku hiyo. Kula saa mbili au tatu kabla ya kuimba, chakula chepesi: uji, viazi, ndizi. Mwenye njaa hutetemeka hata bila hofu, na mwenye tumbo lililojaa ugali hushindwa kuvuta pumzi ya chini. Punguza kahawa na chai ya rangi nzito, maana huongeza mbio za moyo na kutetemeka. Kunywa maji safi kidogo kidogo. Nenda chooni mapema.

Fika uwanjani mapema, usimame pale utakapoimbia. Tazama jua litakuwa upande gani. Chagua watu watatu unaowapenda, ukubaliane nao wakae wapi, ili macho yako yapate pa kupumzikia. Kama huwezi kutazama nyuso za watu, tazama juu kidogo ya vichwa vyao. Kwa mbali hawatajua.

Kuna hali nyingine ambazo si hofu ya kuimba. Kama moyo unakwenda mbio ukiwa umelala tu, au mikono inatetemeka kila siku huku unakonda na shingo inavimba, nenda zahanati. Huenda tezi ya shingoni ndiyo yenye kasoro. Ukipatwa na maumivu ya kifua, ukizimia, au pumzi ikikata na kifua kupiga miluzi, usingoje siku ya pili. Na kama hofu ya watu imekuzuia kwenda sokoni, kanisani, msikitini au kwenye mikutano kwa majuma mengi, mweleze mhudumu wa afya. Hali hiyo ina tiba, wala si kichaa.

Kama kikundi chako kina mazoezi jioni hii, anzeni kwa pumzi kumi za uji, wote pamoja, kabla ya wimbo wa kwanza. Halafu mfinyeni mwanzishaji.